Adui wa Kukodi: Iron Sheik, Nikolai Volkoff na Bakora Isiyoonekana

Katika semina yangu ya historia ya Vita Baridi, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikulitegemea. Tulikuwa tumemaliza kujadili uvamizi wa Afghanistan wa Desemba 1979 na mgomo wa michezo ya Olimpiki uliofuata. Akanyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, raia wa kawaida wa Marekani, ambaye maishani mwake hakuwahi kukutana na Mrusi wala Mwirani, alijifunzia wapi kuwachukia?" Nilimjibu kama tunavyojibu wahadhiri: nikataja magazeti, hotuba za marais na filamu za kijasusi. Lakini njiani kurudi nyumbani nilitambua kwamba nilikuwa nimemficha jibu langu la kweli. Mimi mwenyewe nilijifunza kuwachukia watu hao hao, nikiwa mtoto wa Tanga, na aliyenifundisha hakuwa rais wala mhariri. Walinifundisha wacheza mieleka wawili, mmoja akizungusha virungu, mwenzake akiimba wimbo wa taifa la Kisovieti huku ukumbi mzima ukimzomea.

Kwa hiyo niliketi usiku tatu mfululizo, nikayatazama upya mapambano yao yaliyorushwa kwenye televisheni ya Marekani kati ya 1983 na 1991. Nayaeleza hapa niliyoyaona. Siandiki kama shabiki, ingawa nilikuwa shabiki. Naandika kama mtu ambaye kazi yake ni kuuliza adui hutengenezwa vipi, na nani hulipwa kwa kazi hiyo.

Tukubaliane kwanza juu ya jambo moja. Mieleka ya kulipwa si shindano. Mshindi huamuliwa kabla ya kengele, na maumivu mengi (si yote) ni maigizo. Kwa miongo mingi siri hiyo ililindwa kama mambo ya kilingeni: mwovu na shujaa hawakuruhusiwa kuonekana pamoja hotelini wala barabarani. Mwaka 1989 kampuni ya WWF yenyewe iliitoboa siri hiyo mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey, ikaeleza kwamba kazi yake ni burudani, wala si michezo ya ushindani. Haikusukumwa na dhamira. Ilitaka kuondokana na usimamizi na tozo za tume ya michezo ya jimbo. Ukweli uliofichwa kwa vizazi ulitolewa siku ulipoanza kupunguza gharama. Naomba msomaji aishike nukta hiyo, hasa yule anayefanya kazi serikalini.

Taulo la Desemba 1983

Mkanda wa kwanza ni wa tarehe 26 Desemba 1983, ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Bingwa ni Bob Backlund, kijana mpole mwenye sura ya mwana wa mkulima, aliyeutwaa ubingwa tangu 1978. Mpinzani wake ametambulishwa kama Iron Sheik, kutoka Tehran. Ana kichwa kilichonyolewa, masharubu mazito, na viatu vilivyopinda ncha kama vya katuni za Alfu Lela Ulela. Anamlaza Backlund kifudifudi, anamkalia mgongoni, anamshika kidevu na kumvuta kwa nyuma. Mtego huo wenyewe wanauita kwa jina la ngamia. Backlund hasalimu amri. Ndipo meneja wake, Arnold Skaaland, anapolitupa taulo ulingoni kwa niaba yake, na ubingwa unamwendea Mwirani.

Wiki nne baadaye, tarehe 23 Januari 1984, katika ukumbi ule ule, Hulk Hogan ananaswa kwenye mtego ule ule. Anainuka na Mwirani akiwa mgongoni, anambamiza kwenye kona ya ulingo, anamwangushia mguu, na mwamuzi anahesabu mpaka tatu. Utawala wa mwovu ulidumu siku 28. Ukumbi ulipasuka kwa shangwe.

Nilipokuwa mtoto niliona ujasiri wa Hogan. Safari hii niliona hesabu. Kampuni ilikuwa na shujaa wa zamani na shujaa mpya, na haikutaka mmoja wao ampige mwenzake mbele ya watazamaji waliowapenda wote. Ilihitaji daraja, na daraja hukanyagwa. Mwirani alifaa kukanyagwa kwa kuwa kazi nusu ilikuwa imekwishafanyika nje ya ukumbi: tarehe 4 Novemba 1979 ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulitekwa, na Wamarekani 52 walishikiliwa siku 444, hadi tarehe 20 Januari 1981. Kwa siku zote hizo televisheni zilihesabu kila usiku. Kwa hiyo Iron Sheik hakuhitaji kufanya jambo lolote ili achukiwe. Ilitosha asimame na bendera.

Na alikuwa nani hasa? Jina lake lilikuwa Hossein Khosrow Ali Vaziri, mzaliwa wa Damghan, Iran, mwaka 1942. Alikuwa mwanamieleka wa kweli. Alimhusudu Gholamreza Takhti, bingwa wa Olimpiki wa 1956 aliyependwa na wananchi wa Iran, ambaye Januari 1968 alikutwa amekufa katika hoteli mjini Tehran, kifo ambacho wengi hawakuamini maelezo yake rasmi. Vaziri alihamia Marekani. Mwaka 1971 alishinda mashindano ya kitaifa ya ridhaa ya nchi hiyo kwa mtindo wa Kigiriki-Kirumi, na mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa makocha wasaidizi wa timu ya mieleka ya Marekani. Virungu vile alivyovizungusha ulingoni huku akizomewa ni vifaa vya mazoezi vya zurkhaneh, nyumba za jadi za Waajemi za kujengea mwili na tabia njema. Watazamaji waliambiwa ni majigambo ya mshenzi.

Jina la ulingoni nalo lina mkasa wake. Alipewa cheo cha sheikh, neno la Kiarabu, naye ni Mwajemi. Kabla ya hapo, alipopambana katika kampuni hiyo mwaka 1979, jina lake la jukwaani lilimwita Mwarabu waziwazi. Sisi wa pwani, tuliolelewa kwa masimulizi ya majahazi ya Washirazi, na ambao historia yetu ya siasa ina chama kilichobeba jina hilo, tungepaswa kuwa wa kwanza kuiona kasoro hiyo. Hatukuiona. Tulikuwa tunapiga makofi.

Mrusi wa Split

Mwaka 1984 alipatiwa mwenzake, na hapo ndipo ilipozaliwa jozi ninayoizungumzia. Nikolai Volkoff alitangazwa kuwa mtu wa Muungano wa Kisovieti. Kabla ya kila pambano alishika kipaza sauti, akawataka watazamaji wote wasimame, akauimba wimbo wa taifa la Kisovieti kwa sauti nzito iliyokosa nota nyingi. Vikombe na maganda vilimwagika ulingoni.

Lakini Volkoff hakuwa Mrusi. Jina lake lilikuwa Josip Peruzović, mzaliwa wa 1947 wa mji wa Split, katika Yugoslavia ya Tito. Aliondoka kwao miaka ya 1960 akiwa mnyanyua vyuma, akafika Kanada, akafunzwa mieleka na Stu Hart mjini Calgary. Kabla ya kuwa Mrusi alikuwa Mmongolia: miaka ya mwanzo ya 1970 alipambana katika jozi iliyojiita Wamongolia. Nchi yake ya kuzaliwa ilifukuzwa na Stalin katika umoja wa vyama vya kikomunisti mwaka 1948, ikawa miongoni mwa waasisi wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, harakati ambayo Tanzania ilikuwa mwanachama wake wa kuaminika. Kwa maneno mengine, mtu aliyeukimbia ukomunisti, akitokea nchi iliyogombana na Moscow, ndiye aliyeajiriwa kuwa sauti ya Moscow. Baadaye alieleza mara nyingi kwamba aliuchukia mfumo alioukimbia. Ulingoni hakuna aliyemwuliza.

Hoja yangu ya kwanza ni hii: adui wa jukwaani hahitaji kufanana na adui wa kweli. Anahitaji kufanana na hofu ya mtazamaji. Mwajemi akawa sheikh wa Kiarabu, Mkroati akawa Mrusi, na Iran ya Khomeini, iliyoulaani Muungano wa Kisovieti sawasawa na ilivyoilaani Marekani, ikaunganishwa na Moscow katika jozi moja. Katika ulimwengu halisi wawili hao wasingekaa meza moja. Katika ulingo wa Marekani walipigana bega kwa bega, kwa sababu kwa mtazamaji wote walikuwa kitu kimoja: wale wengine.

Bakora ya tarehe 31 Machi 1985

Sasa nafika kwenye pambano nililolitazama mara nne. Ni WrestleMania ya kwanza, tarehe 31 Machi 1985, Madison Square Garden, mbele ya watu wapatao 19,000, na wengine wengi zaidi wakitazama kwenye kumbi za sinema zilizounganishwa na matangazo hayo. Jozi ya Iron Sheik na Volkoff inawakabili mabingwa, Barry Windham na Mike Rotundo, vijana wawili waliopewa jina lenye kubeba taifa lenyewe. Siku ishirini tu zilikuwa zimepita tangu Mikhail Gorbachev awe Katibu Mkuu wa chama mjini Moscow. Historia ilikuwa inageuka upande mmoja; jukwaa lilikuwa bado linaigiza upande wa jana.

Volkoff anaimba. Iron Sheik anachukua kipaza sauti, anaisifu Iran, anaisifu Urusi, anaitaja Marekani na kutema mate. Pambano linaanza na linakwenda haraka. Vijana wana kasi, wanabadilishana vizuri, na ukumbi unawaamini. Kisha kunatokea vurugu, mwamuzi anageuza uso kumzuia Rotundo asiingie, na kando ya ulingo anasimama meneja wa waovu, mzee Freddie Blassie, mwenye mvi na bakora mkononi. Bakora inahama. Iron Sheik anampiga nayo Windham mgongoni, Volkoff anamlalia, mwamuzi anageuka, anahesabu moja, mbili, tatu. Ubingwa umehama.

Dakika chache baadaye mtangazaji anamhoji Blassie nyuma ya jukwaa. Bakora yako iko wapi? Mzee anamtazama machoni na kukana kwamba aliwahi kuwa na bakora yoyote. Watu 19,000 wameiona. Kamera zimeiona. Yeye anauliza, bakora gani?

Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya nne sikucheka. Ndugu wasomaji, ni mara ngapi katika maisha yetu ya umma tumeiona bakora kwa macho yetu, kisha tukamsikia mwenye bakora akiuliza kwa utulivu, bakora gani? Na mwamuzi, yeye hana hatia kamili wala uadilifu kamili: hakuona kwa sababu alikuwa amegeuzwa, lakini matokeo aliyatia muhuri. Nawaachia watumishi wa umma wamtafakari mwamuzi huyo. Binafsi naona yeye ndiye mhusika mgumu kuliko wote katika tamthilia ile.

Mkanda huo walikaa nao miezi michache tu, kisha vijana wakaurudisha. Waovu hupewa ushindi kwa mkopo.

Ali kati ya Dar es Salaam na ulingo

Katika mkanda huo huo, pambano la mwisho, anaonekana mtu ambaye Afrika inamjua vizuri zaidi. Muhammad Ali yuko pale kama mwamuzi wa heshima. Naye na Blassie walikuwa na historia: Juni 1976, Ali alipopambana na Antonio Inoki mjini Tokyo katika mchanganyiko wa ndondi na mieleka, Blassie alikuwa upande wake. Kwa kukiri kwake mwenyewe, majigambo yake mengi aliyajifunza kwa wacheza mieleka.

Lakini mimi namkumbuka Ali kwa safari nyingine. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Afrika kuzishawishi serikali zigomee Olimpiki ya Moscow. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakukubali kumwona. Kutumiwa bondia, hata awe mkubwa namna gani, kuzungumzia jambo la kidola hakukumpendeza. Waandishi nao walimwuliza Ali swali zito: kwa nini Afrika iisaidie Marekani kugoma sasa, ilhali mwaka 1976, Waafrika walipoigomea Montreal kwa sababu ya uhusiano wa New Zealand na makaburu, Marekani haikuungana nao? Ali hakuwa na jibu, na alikiri hadharani kwamba hakuwa ameelezwa upande huo wa mambo. Kenya iligoma. Tanzania ilikwenda Moscow, na huko Suleiman Nyambui na Filbert Bayi wakatuletea nishani za fedha, za kwanza katika historia yetu ya Olimpiki.

Naleta kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba inawezekana kukataa kugawiwa adui. Nyerere hakuwa rafiki wa uvamizi wa Afghanistan. Alichokataa ni kupangiwa, na mtu mwingine, lini amzomee nani. Miaka mitano baadaye, mjumbe yule yule wa Carter alikuwa kando ya ulingo ambamo taifa zima lilikuwa likipangiwa la kuzomea.

Ubao wa Duggan

Mkanda wa tatu ni wa tarehe 29 Machi 1987, WrestleMania ya tatu, uwanja wa Pontiac Silverdome jimboni Michigan. Jozi yetu inapambana na vijana waliojiita Nyuki Wauaji. Volkoff anaanza kuimba. Anatokea Jim Duggan, Mmarekani mwenye ndevu, bendera mkono mmoja na ubao mzito mkono wa pili, anamkatiza na kutangaza kwamba hatamruhusu aimbe wimbo ule, kwa sababu hii ni nchi ya watu huru. Uwanja unalipuka kwa furaha. Niliurudisha mkanda nyuma ili nihakikishe nimesikia sawasawa: mtu ananyimwa kuimba kwa jina la uhuru.

Pambano linapofika ukingoni, Iron Sheik amemkalia mmoja wa vijana kwa mtego wake. Duggan anaingia ulingoni na kumpiga ubao mgongoni. Mwamuzi, safari hii akiwa ameona, anawapa ushindi Iron Sheik na Volkoff kwa sababu upande wa pili umevunja kanuni. Waovu wameshinda kihalali. Na uwanja? Unamshangilia aliyevunja kanuni.

Linganisha sasa. Mwaka 1985, kifaa cha mbao kiligonga mgongo wa Mmarekani, na kitendo hicho kikaitwa ulaghai. Mwaka 1987, kifaa cha mbao kiligonga mgongo wa Mwirani, na kitendo hicho kikaitwa uzalendo. Bakora na ubao vimetoka katika mti mmoja. Kilichobadilika ni mgongo. Hii ndiyo hoja yangu ya pili, na kwangu ndiyo kubwa: kazi ya adui wa jukwaani haiishii kutufundisha kumchukia yeye. Hutufundisha kusamehe, kwa mkono wetu wenyewe, yale yale tunayoyalaani kwa mkono wake. Msomaji anayefuatilia namna dola, chama au harakati yoyote inavyozungumzia "wasaliti" na "mawakala" hatapata shida kuutambua ubao huo unapoinuliwa.

Miezi miwili baada ya pambano lile, Mei 1987, askari wa barabarani jimboni New Jersey walilisimamisha gari moja. Ndani yake walikuwamo Jim Duggan na Iron Sheik, wakisafiri pamoja kwenda kazini, pamoja na dawa za kulevya. Habari ilipoenea, kosa lililoonekana kuwa kubwa zaidi katika biashara ile lilikuwa urafiki: mzalendo na adui wa taifa wamepanda gari moja. Wote wawili waliachishwa kazi kwa muda. Siri ya kilinge ilikuwa imevunjwa kwa jambo la kawaida kuliko yote, wafanyakazi wawili kuchangia usafiri.

Na walikuwa wafanyakazi. Wacheza mieleka hao walihesabiwa kuwa wakandarasi binafsi, bila chama cha wafanyakazi. Jesse Ventura, aliyekuwa mmoja wa watangazaji wa usiku ule wa 1985, alijaribu mwaka 1986 kuwashawishi wenzake waunde chama, na jaribio likafa. Yeye baadaye alichaguliwa kuwa gavana wa Minnesota. Wakati watazamaji wakigombea Iran na Marekani, mashujaa na waovu walikuwa na mwajiri mmoja na mkataba wa aina moja. Mgawanyiko wa jukwaani ulikuwa mkali. Mgawanyiko wa mapato ulikuwa mkali zaidi, nao haukuonyeshwa kwenye televisheni.

Adui anapopitwa na wakati

Mikanda ya mwisho inahuzunisha. Kufikia 1990 Ukuta wa Berlin umeanguka, na Mrusi hauzi tena tiketi kwa chuki. Volkoff anageuzwa kuwa mtu mwema. Anaimba wimbo wa taifa la Marekani kwa sauti ile ile nzito, na watu wale wale wanasimama na kumpigia makofi. Hakubadilika yeye, soko ndilo lililobadilika.

Vaziri hakupata bahati hiyo. Wakati wa mgogoro na vita vya Ghuba vya 1990 hadi 1991, kampuni ilimgeuza Sgt. Slaughter, aliyekuwa mzalendo na hasimu mkubwa wa Iron Sheik mwaka 1984, kuwa msaliti anayeiunga mkono Iraq. Pembeni yake wakawekwa Adnan Al-Kaissie, ambaye kweli alikuwa mzaliwa wa Baghdad, na mtu mwingine aliyevaa sare za kijeshi, aliyetambulishwa kama Kanali Mustafa. Kanali huyo alikuwa Iron Sheik. Mwirani alipewa sare za Iraq, miaka mitatu tu baada ya kumalizika vita vya 1980 hadi 1988 ambavyo viliua watu wengi mno wa nchi hizo mbili. Kwa mama wa Damghan aliyempoteza mwana katika vita vile, sina neno la kulielezea jambo hilo. Kwa mwandishi wa mchezo, lilikuwa badiliko la nguo tu.

Tanga, 1991

Sasa nikiri deni langu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, lakini mitaani kwetu kulikuwa na mabanda ya video. Ulilipa kiingilio, ukakaa kwenye benchi, jenereta likanguruma nje, na mikanda ya mieleka iliyokwisha kunakiliwa mara nyingi mpaka rangi imechujuka ikaonyeshwa. Hatukujua Kiingereza cha kutosha kuyaelewa maneno. Hatukuhitaji. Bendera zilizungumza, na mtema mate alitema mate.

Mtaani kwetu alikuwapo mwenzetu mmoja, mtoto wa mwenye duka, ambaye nywele na rangi yake vilitosha kumpatia jina. Tukamwita Aironi Shiki. Mwanzoni alicheka nasi. Mkanda wa Kanali Mustafa ulipofika, mzaha ulikoma kuwa mzaha. Jioni moja, baada ya onyesho, tulimsubiri karibu na duka la baba yake tukamrushia maganda ya machungwa, kama tulivyoona watazamaji wakifanya, tukiimba jina la nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeifika. Bibi yake alitoka, akasimama mlangoni, akatuuliza kwa Kiswahili safi kuliko chetu: "Wanangu, kawafanyani?" Hakuna aliyejibu. Tulikimbia.

Nilikutana naye miaka mingi baadaye, katika ofisi moja ya umma, sote tukiwa watu wazima. Tulisalimiana kwa furaha. Nilitaka kuomba radhi, nikaanza kwa kuuliza kama anaikumbuka ile mieleka. Akatabasamu, akasema, "Mieleka naikumbuka kidogo. Maganda nayakumbuka vizuri."

Ndiyo maana sikubali jibu la wale wanaosema "ni burudani tu". Roland Barthes, Mfaransa aliyeiandikia mieleka insha mwaka 1952, alieleza kwamba mtazamaji hajali kama matokeo yamepangwa. Anachotaka ni kuiona haki ikitendeka mbele ya macho yake, waziwazi, bila utata. Nakubaliana naye. Lakini kiu hiyo ya haki iliyo wazi, yenye mwovu mwenye bendera na shujaa mwenye misuli, haibaki ukumbini. Hutoka nayo mtu hadi barabarani, na pale nje hakuna kengele wala mwamuzi. Yupo mtoto wa mwenye duka. Wala haibaki mitaani. Donald Trump alikuwa mwenyeji wa WrestleMania za 1988 na 1989 mjini Atlantic City, akashiriki mwenyewe katika ile ya 2007. Na Linda McMahon, aliyeiongoza kampuni hiyo pamoja na mumewe, ni Waziri wa Elimu wa Marekani tangu 2025. Sisemi kwamba mieleka ilizaa siasa hizo. Nasema kwamba shule yake ilikuwa wazi kwa muda mrefu, na wanafunzi wake si Wamarekani peke yao.

Volkoff aliishia kuwa mtumishi wa umma: kwa miaka mingi alikuwa mkaguzi wa kanuni za makazi huko Baltimore County, jimboni Maryland. Mtu aliyezomewa kwa kuvunja kanuni akawa msimamizi wa kanuni. Alifariki Julai 2018. Vaziri alifariki Juni 2023, katika nchi aliyolipwa kuitemea mate na ambayo aliishi ndani yake zaidi ya miaka hamsini. Wote wawili waliingizwa katika jumba la heshima la mieleka mwaka 2005, na aliyemtambulisha Vaziri usiku ule alikuwa hasimu wake wa zamani, Sgt. Slaughter.

Wiki ijayo nitarudi darasani na jibu jipya kwa mwanafunzi wangu. Nitamwonyesha dakika saba za tarehe 31 Machi 1985, bila maelezo. Kisha nitamwomba atazame tena, safari hii akiziba sauti na kuacha ulingo, awatazame watu wanaozomea: baba na wanawe, wazee, wasichana wenye kofia za karatasi. Wanaonekana watu wema. Nasi, kwenye benchi lile la Tanga, tulikuwa watoto wema pia.